Miezi Mitatu Bila Mshahara Si Dawa ya Pombe



Barua zinazofika katika ofisi ya tawi siku hizi zafanana sana. Mke aandika, au kaka mkubwa, au mama aliye nyumbani bara: kijana wetu amezidiwa na pombe, tumepata nyumba ya kurekebishia walevi, wataka akae siku 90, wataka fedha mbele, twaomba Chama kitusaidie. Chini ya barua huwekwa hesabu. Nyumba hizo nyingi hutoza makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi, na zile zenye bustani na maji ya moto hutoza zaidi. Mfuko wetu wa kusaidiana ni shilingi zenu za kila mwezi, na ndio huo huo unaonunua jeneza na kumsafirisha marehemu hadi kwao. Ukilipia watu wawili tu katika nyumba hizo, mwaka huo wengine wote watasikia kwamba sanduku ni tupu.

Halmashauri yaulizwa kila mara kwa nini haitoi. Basi leo twataka kusema maoni yetu bila kuzungukazunguka. Hatukatai kumsaidia mlevi. Twakataa kuambiwa kwamba hakuna msaada mwingine ila kumfungia mtu ndani ya ua kwa miezi mitatu. Kwa wanachama walio wengi nyumba hiyo si njia ya kwanza, na wengine yawaongezea taabu. Iko njia ya gharama ndogo, ya kumtibu mtu akiwa kwake na akiwa kazini, na Chama chaweza kuishika kwa mikono yake.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo mtego ulipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka. Akiugua, ikiwa amekwisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo, ana siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika kila miezi 12. Hicho ni kiwango cha chini, na baadhi ya mapatano yetu yamepita hapo. Lakini jumlisha siku zote hizo, tia na Jumapili zilizo katikati, hutafika siku 50. Nyumba yataka 90. Zile zinazobaki, mtu huyo hana mshahara, na mwajiri ana haki ya kuuliza yuko wapi. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo kinamruhusu mwajiri kumfukuza papo hapo mtu asiyefika kazini bila ruhusa wala sababu ya haki, na vile vile mtu aliyelewa saa za kazi hata asiweze kazi yake. Kwa hiyo aliyeponyoka kwa kosa la kulewa aweza kunaswa kwa kosa la kwenda kutibiwa.

Twawajua waliopita njia hiyo. Mmoja wao, hatutamtaja jina wala kiwanda, alirudi ana afya njema, amenenepa, macho meupe kama ya mtoto. Kufika langoni akaambiwa jina lake halimo tena. Ng'ombe wa nyumbani walikuwa wamekwisha kuuzwa kulipia matibabu, kodi ya chumba ilikuwa nyuma miezi mitatu, na mlango wa pili kutoka chumba hicho ni kilabu. Kule ndani alikuwa amefundishwa kukaa bila pombe mahali pasipo na pombe. Hakuna aliyemfundisha kuvuka barabara ya kwao siku ya mshahara mfuko umejaa, wala kuivuka akiwa hana hata senti na hana pa kwenda asubuhi. Ni nani angeweza? Somo hilo hufundishwa barabarani hapo hapo.

Twajua pia mambo si madogo. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mtu 1 katika kila 8 alikuwa akinywa pombe, yaani zaidi ya milioni 3. Si wote wagonjwa. Wengi wao hunywa chupa mbili Jumamosi na Jumatatu wako kwenye mashine. Wako wengine katikati, ambao pombe imeanza kuwala: Jumatatu haonekani, mkopo wa chama cha akiba umekwenda kwa deni la kilabu, nyapara amekwisha kumwandikia barua moja ya onyo. Na wako wachache ambao mikono hutetemeka asubuhi mpaka wapate glasi ya kwanza. Kosa la nyumba za siku 90, au tuseme kosa la wanaozitangaza, ni kuwafanya watu hawa wote kuwa wa namna moja.

Wanaume hawa wa katikati ndio wengi, nao husaidika kwa maneno machache yakisemwa mapema na kwa heshima. Hatusemi hivi kwa matumaini tu. Mwaka 1977 madaktari wa London walitoa habari za wanaume 100 wenye ndoa waliokuwa wamezidiwa na pombe. Nusu yao walipewa matibabu yote yaliyokuwako, pamoja na kitanda cha hospitali kwa aliyekihitaji. Nusu ya pili walikaa pamoja na wake zao na daktari katika kikao kimoja cha shauri, wakaambiwa wazi kwamba kazi ya kuacha ni yao wenyewe. Baada ya mwaka mmoja makundi yale mawili hayakuwa na tofauti ya kutajika. Msisahau kwamba wake zao walikuwa chumbani pamoja nao, jambo ambalo katika vikao vyetu vya wazee husahauliwa mno.

Tena tusidhani hayo ni mambo ya Ulaya. Shirika la Afya la Dunia lilipotaka maswali rahisi ya kumtambua mtu ambaye pombe inamdhuru, yalijaribiwa katika nchi 6, na Kenya ilikuwa moja yao. Yakatoka maswali 10. Wanywa mara ngapi? Ukinywa, wanywa kiasi gani? Je, umewahi kuhitaji pombe asubuhi ili uweze kuanza siku? Je, kuna mtu aliyeumia kwa sababu ya ulevi wako? Ndugu au daktari amekwisha kukwambia upunguze? Kila jibu lina alama, na alama zote ni 40. Aliyepata 8 na zaidi yuko katika hatari, na aliyepata 20 na zaidi inafaa aonwe na daktari. Kila mwakilishi wetu aliye kazini anayejua kusoma aweza kufundishwa maswali hayo, na huchukua dakika chache tu. Chai ya saa nne yatosha.

Kisha iko habari ya Eldoret, ambayo tungependa kila mjumbe aijue. Huko, katika kliniki za watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, walichaguliwa watu waliokuwa wakinywa kwa kiasi cha kujidhuru. Wakawekwa katika makundi madogo, wakakutana mara 6, kila wiki mara moja, kila kikao saa moja na nusu, kwa Kiswahili. Aliyeongoza hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa kawaida aliyefunzwa kazi hiyo na kusimamiwa. Walizungumza mambo ya kweli: rafiki akininunulia nitamkataa vipi, nikitoka kazini nipite njia gani, nikianguka siku moja nitafanya nini siku ya pili. Katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2021, la watu zaidi ya 600, waliohudhuria makundi hayo walipunguza pombe kuliko wenzao waliopewa masomo ya afya tu. Hawakulala popote ila kwao. Kikao cha saa moja na nusu, mara 6, jumla ni saa 9. Mfanya kazi wa zamu hutoa saa hizo kwa siku moja na kidogo.

Makundi ya walevi walioacha, wanaokutana bila kutaja majina yao, nayo ni ya kale sasa. Yalianzishwa mwaka 1935 huko Akron, Marekani, na wanaume wawili, mmoja dalali wa biashara ya hisa na mwingine daktari, wote wakiwa walevi. Hayana ada. Nairobi yako. Wako wanachama wasioyapenda kwa sababu husemwa mengi juu ya Mungu, na wengine wayapenda kwa sababu hiyo hiyo. Kila mtu achague.

Hapa yatupasa kusema neno zito, na twaomba lisomwe kwa sauti katika kila tawi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiachishwe pombe kwa ghafla nyumbani bila kuonwa na daktari. Wako wake wanaomfungia mume chumbani siku tatu wakidhani wanamsaidia. Mtu wa namna hiyo aweza kushikwa na kifafa siku ya kwanza au ya pili, na siku ya pili au ya tatu aweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, joto likampanda, akafa. Aliyewahi kupata kifafa alipoacha, au aliyewahi kuona visivyoonekana, au mwenye ugonjwa mwingine mkubwa, huyo apelekwe hospitali, alazwe siku chache mpaka mwili utulie. Wengine waweza kupewa dawa na kuangaliwa nyumbani kila siku na tabibu wa zahanati, mradi pawepo mtu mzima wa kukaa naye. Siku hizo chache za hospitali ndizo mfuko wetu waweza kuzibeba. Na kwa wale wachache ambao hata baada ya kujaribu haya yote hawana kwao, au nyumba wanamoishi ndiyo inayopika chang'aa, ile nyumba ya miezi mitatu yafaa. Tutawalipia kwa moyo mweupe, maana watakuwa wachache.

Wenzetu wa Pwani watatuambia kwamba shida yao si pombe bali ni unga. Kweli. Arosto ya unga ni mateso makubwa, ijapokuwa kwa mtu mzima mwenye nguvu si kawaida kumwua, na ndiyo inayomrudisha mtu kwa muuzaji hata kama amekaa safi nusu mwaka. Kwa hao dawa ya methadoni yajulikana. Dar es Salaam ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Kwetu ilianza katika hospitali ya Mathari mwezi wa Desemba 2014, kisha ikafika Malindi na Mombasa. Mtu huenda kliniki kila siku, hunywa dawa mbele ya muuguzi, hurudi zake. Mwili hutulia, haibi, hajidungi sindano, na aweza kufanya kazi. Tatizo ni saa. Akipanga foleni asubuhi, zamu yamwacha, na nauli ya kila siku ni mzigo kwa mtu wa kibarua. Mtu huyu hataki kitanda kwa miezi mitatu. Ataka ruhusa ya kuingia kazini saa moja baadaye, na nauli.

Sasa tuwaseme waajiri. Wao hutuambia: sisi si hospitali, na mlevi kwenye kreni ataua watu. La kreni twakubali bila mjadala. Hatutamtetea mtu anayeendesha kreni au lori akiwa amelewa, na mwakilishi atakayemficha anawahatarisha wenzake wote. Aondolewe kwenye mashine. Lakini asiondolewe kwenye orodha ya mshahara kabla ya kupewa nafasi ya kutibiwa. Shirika la Kazi la Dunia lilitoa mwongozo mwaka 1996, nao wasema matatizo ya pombe na madawa yatendewe kama ugonjwa mwingine wowote kazini, na anayekubali kutibiwa asibaguliwe wala asinyimwe usalama wa kazi yake. Meneja mwenye kisukari hupewa ruhusa ya kwenda kliniki kila mwezi na hakuna anayemwita majina. Twataka kipimo hicho hicho kwa mpakiaji mizigo.

Tena kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa tabia yake au kwa kutoweza kazi, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa Chama katika kikao hicho. Hata katika makosa ya kufukuzwa papo hapo lazima asikilizwe. Wanachama wengi huingia katika kikao hicho peke yao kwa aibu, kwa sababu kosa ni la ulevi, wakatia sahihi karatasi ya kujiuzulu. Msifanye hivyo. Mwiteni mwakilishi.

Kuna wazee wetu wanaosema mlevi ni mlevi, dawa yake ni kuachwa, na kwamba serikali ingevunja vilabu vyote mambo yangekwisha. Vilabu vimevunjwa mara nyingi. Mwezi wa Novemba 2000 pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya maskini ya Nairobi. Mwaka 2010 ikaja sheria kali ya saa za kuuza. Mwaka 2014 sumu ikaua tena katika kaunti kadhaa, mwaka 2015 yakafanywa misako mikubwa, na Februari 2024 watu 17 wakafa Kirinyaga. Hatupingi sheria. Twasema tu kwamba kumwaga pombe ya muuzaji hakumponyi mnywaji, na aliyefungiwa kilabu cha karibu huenda cha mbali, gizani, ambako hajui anapewa nini.

Wanawake tusiwasahau, nao hawakuandikiwa barua hata moja kati ya zile tulizotaja. Wako wanachama wanawake wanaokunywa, nao hujificha zaidi, kwa kuwa mwanamume mlevi huchekwa bali mwanamke mlevi hunyang'anywa watoto. Mama wa watoto watatu hawezi kulala siku 90 popote. Kundi la jioni la wanaume katika ukumbi wa tawi halimfai pia. Lazima wawe na kundi lao, kwa saa yao, na mwongozaji mwanamke.

Basi haya ndiyo tunayopeleka katika mkutano wa wajumbe. Katika mapatano yajayo na waajiri tudai kifungu kimoja: mwanachama anayejitokeza mwenyewe, au anayeshikwa mara ya kwanza bila kumdhuru mtu, apewe ruhusa ya saa za kliniki na za kikao kwa muda wa miezi 6, mshahara usikatwe, na mambo yake yasiandikwe katika faili ya kazi. Anayeongoza kundi asitoe habari kwa meneja, wala kwa Chama. Kila tawi litoe watu wawili, mwanamume na mwanamke, ikiwezekana mmoja awe mtu aliyewahi kunywa akaacha, wafunzwe. Mfuko wa kusaidiana ulipe mafunzo yao, nauli zao, na siku chache za hospitali kwa wanaohitaji. Na serikali tuikumbushe kwamba tangu Oktoba 2024 twakatwa shilingi 2.75 katika kila 100 za mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Twataka zahanati iliyo karibu na mtaa wetu iwe na tabibu ajuaye kumwachisha mtu pombe kwa salama. Wale wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliopewa mikoba mwaka 2023, wanaopita nyumba kwa nyumba kupima shinikizo la damu, waongezewe yale maswali 10.

Kwa sasa, mwenye shida aweza kupiga simu ya NACADA nambari 1192, haitozwi. Matawi yaliyo tayari kuanza yaiandikie ofisi kabla ya mkutano, yataje siku, saa na mahali pa kukutania, pasiwe karibu na kilabu. Majina ya watakaohudhuria yasiandikwe.